Baiskeli kwenye tambarare za Uingereza: njia zipi ni rahisi kweli na zipi zinakuzuga

Nianze na hukumu kabisa, maelezo yafuate. Kama unataka kuendesha baiskeli Uingereza bila kupanda mlima wa maana, nenda mashariki, Cambridgeshire na Lincolnshire, eneo linaloitwa Fens. Kwangu namba moja ni Cambridge kwenda Ely kupitia Lodes Way na Wicken Fen, naipa tisa kwa kumi. Ya pili ni Water Rail Way, Lincoln mpaka Boston, nane. Ile ya kando ya njia ya basi kutoka Cambridge mpaka St Ives naipa sita na nusu, najua ina mashabiki wake na watanuna lakini nitaeleza kwa nini nimeibania.

Sasa kabla hujafunga safari, kuna jambo moja ambalo ukilishika mengine yote yanakuwa mepesi, nalo ni upepo. Watu wanaangalia ramani, wanaona hamna mwinuko, wanasema aa hii ni ya watoto. Kule hamna kilima, hamna msitu, mashamba mengi hayana hata ua wa miti, ni mashamba na mifereji mpaka macho yanachoka, kwa hiyo upepo ukianza kupiga hakuna cha kuuzuia. Na upepo wa mbele una ubaya wake kuliko kilima. Kilima unapanda dakika kumi unatukana kimoyomoyo afu unateleza upande wa pili unapumzika, ila upepo wa uso haukupi mteremko, utakanyaga pedeli saa mbili mfululizo kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, ukiacha kukanyaga baiskeli inasimama. Mimi siku hizi naangalia kwanza utabiri wa upepo, wenzetu wanautoa kwa maili kwa saa, ukisoma 20 na kupanda hiyo siku nakaa nyumbani au natafuta njia yenye miti. Uingereza upepo wa kawaida unatokea kusini magharibi, na hilo ndo litakuamulia uanzie wapi na umalizie wapi, siyo ramani.

Ndo maana njia ya Cambridge kwenda Ely imeshika namba moja. Inaelekea kaskazini, kaskazini mashariki hivi, yaani siku nyingi upepo uko mgongoni unakusukuma bure, ukifika Ely unapanda treni unarudi Cambridge kama robo saa tu. Kurudi kwa baiskeli ukipenda rudi, lakini mimi sioni sababu ya mtu kujitesa wakati stesheni ya Ely iko pale pale chini karibu na mto. Angalizo moja: treni za saa za watu kwenda na kutoka kazini nyingi hazipokei baiskeli isipokuwa ile ya kukunja, kwa hiyo panga urudi mchana au baada ya jioni kupoa, na usome masharti ya kampuni ya treni unayopanda.

Njia yenyewe iko hivi. Kutoka Cambridge unafuata alama za namba 51 za mtandao wa kitaifa wa njia za baiskeli, vibao vidogo vya bluu vyenye namba kwenye kisanduku chekundu, mpaka Bottisham. Hapo unaichukua Lodes Way. Lode ni mfereji wa zamani sana, inasemekana mingine ilichimbwa enzi za Warumi, na maji yake yako juu kuliko mashamba ya pembeni, hicho ndo kitu cha kwanza kinachokuchanganya akili. Unaendesha chini, unatazama juu, unaona boti inapita juu ya kichwa chako. Mara ya kwanza nilisimama kabisa kuhakikisha.

Ukifika Reach Lode kuna daraja la baiskeli lililofunguliwa 2010, na niseme ukweli huo ndo "mlima" mkali kuliko yote utakaokutana nao siku nzima, weka gia nyepesi mapema manake kuna watu wanaishia katikati wanashuka kusukuma. Kijiji cha Reach chenyewe kiko hatua chache, na hapo ndo unaanzia Devil's Dyke, tuta la udongo la enzi za Waanglo-Saksoni lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11, unaweza kuliegemea ukala ndizi zako. Ukiwa na muda pinda kidogo mpaka Swaffham Prior, makanisa mawili ndani ya uwanja mmoja wa makaburi, na kinu cha upepo ambacho bado kinasaga unga mpaka leo.

Baada ya hapo unaingia eneo la Wicken Fen, hifadhi kongwe kuliko zote za National Trust, lile shirika la uhifadhi la huko, walianza kuinunua 1899. Hapa njia inabadilika, lami inaisha sehemu sehemu unapita kwenye changarawe iliyoshindiliwa na zege la wakulima, tairi nyembamba za baiskeli ya resi zinapita lakini mikono itakuuma. Kuna farasi wadogo wa kijivu wa aina ya Konik na ng'ombe wa Highland wenye manyoya mpaka machoni, wanazurura huru kabisa. Njiani wamelaza mabomba ya chuma kukatisha njia ili mifugo isivuke, na yakiwa yamelowa usikate kona juu yake hata kidogo, yapite ukiwa wima, hendeli imenyooka, breki usiguse. Siku moja nilikuta ng'ombe amelala katikati ya njia anacheua, hana habari na mtu, tukawa wazungu watatu na mimi tunasubiri bwana mkubwa ajisikie kuinuka, hakuinuka, tukazunguka kwenye majani.

Wicken kuna mgahawa wa hifadhi, chai na keki na choo kisafi, choo ni cha kutaja manake vijijini huko vyoo vya umma ni vya kutafuta kwa tochi. Jirani kidogo mtoni pale Upware kuna baa inaitwa Five Miles From Anywhere No Hurry Inn, hilo ndo jina lake kamili, na ukikaa nje kutazama boti unaelewa kwa nini wameiita hivyo.

Kutoka Wicken unafuata namba 11 mpaka Ely, na kuanzia hapo hupotei hata ukitaka manake kanisa kuu la Ely unaliona toka mbali kabisa, limekaa juu ya kipande cha ardhi kilichoinuka ambacho zamani kilikuwa kisiwa katikati ya kinamasi. Mnara wake wa kati uliporomoka 1322, wakajenga badala yake ule wa pembe nane, ingia ndani uinue kichwa. Shida yake kwa mwendesha baiskeli ni kwamba linaonekana karibu na haliji. Unakanyaga, unakanyaga, liko pale pale. Safari yote ni maili ishirini na kitu, mtu asiye na mazoezi anaimaliza kwa asubuhi moja na mapumziko juu.

Nilitoa pointi moja kwa sababu ya barabara za magari unazovuka katikati. Na hapa lazima niingie kidogo kwenye historia ya udongo, vumilia, ina kazi yake. Fens ilikuwa maji na matete matupu, mpaka karne ya 17 Earl of Bedford na matajiri wenzake wakaweka hela, mhandisi Mholanzi Cornelius Vermuyden akasimamia kuchimba mifereji iliyonyooka kama rula, mmoja miaka ya 1630 na mwingine wa pili sambamba nao ukakamilika 1651. Maji yakatoka, udongo mweusi wa mboji ukabaki, wakulima wakafurahi. Lakini mboji ikikauka inasinyaa, na ikipata hewa inaoza inapotea, kwa hiyo nchi nzima ile inazama taratibu mpaka leo. Pale Holme Fen, kusini ya Peterborough, walizamisha nguzo ya chuma 1851 kichwa chake kikawa sawa na ardhi. Leo nguzo ile ile imesimama karibu mita 4 juu ya ardhi, haijapanda yenyewe, ardhi ndo imeshuka. Na ni pa chini kuliko popote Great Britain, kama mita 2.75 chini ya usawa wa bahari.

Sasa barabara za vijijini zimejengwa juu ya huo huo udongo. Zinazama upande mmoja, upande mwingine zinabaki, lami inapasuka kwa urefu, ufa unaoweza kumeza tairi nyembamba vizuri kabisa, na ukiwa kwenye kasi unarushwa juu chini hata kama ramani inasema tambarare. Afu pembeni hakuna bega la barabara, kuna majani hatua moja na baada ya majani kuna mfereji wa maji wenye kina. Zinaenda moja kwa moja kilomita kadhaa, ghafla zinakata kona ya mraba kufuata mpaka wa shamba la mtu. Na ile alama ya duara jeupe lenye mstari mweusi siyo "nenda polepole", ni kwamba gari ndogo inaruhusiwa mpaka maili 60 kwa saa, kwenye kinjia ambacho magari mawili yanapishana kwa kusalimiana. Mwongozo wa barabara wa tangu 2022 unawataka madereva wakuachie angalau mita 1.5 wanapokupita kwenye mwendo wa mpaka maili 30, na zaidi ya hapo wakiwa kasi zaidi, na wengi wanafuata kwa kweli, ila mmoja asiyefuata anatosha kuharibu siku. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia Fens nzima ni rahisi chagua barabara yoyote, mpuuze. Chagua zile zenye namba za mtandao wa baiskeli.

Water Rail Way. Hii inafuata alama za namba 1 za mtandao wa taifa wa baiskeli, Lincoln mpaka Boston, maili 33, sehemu kubwa iko juu ya tuta la reli iliyofunguliwa 1848 na kufungwa karne iliyopita, ubavuni mwa mto Witham. Ukiwa na mtoto au mzee au mtu anayeogopa magari mlete huku, vipande virefu havina gari kabisa, tuta limeinuka unaona mbali, lami ni laini, na kila baada ya mwendo fulani kuna sanamu au kazi ya sanaa ya kukaa na kupigia picha. Pale Southrey majukwaa ya stesheni ya zamani bado yapo na kibao cha jina, unasimama unakunywa maji kama unasubiri treni ambayo haitakuja.

Kinachoishusha ni hivi viwili. Kwanza inaelekea kusini mashariki, na ule upepo wa kawaida unaipiga ubavuni, juu ya tuta, hakuna kichaka. Haukurudishi nyuma ila unakusukuma kuelekea upande mmoja masaa yote, mwisho wa siku bega moja linauma kuliko jingine. Ukipata siku ya upepo wa kaskazini magharibi, we ondoka tu hata kazini aga mapema. Pili ni kwamba inachosha macho. Mto umenyooshwa na binadamu, njia imenyooshwa, katikati hapo baada ya Kirkstead ambapo unatolewa kwenye tuta unapitishwa barabara ndogo za mashamba kuna kipande ambacho nakipita kwa kusikiliza mwenzangu anapiga stori, nikiwa peke yangu sikipendi. Ukitaka kukikata, pinda Woodhall Spa, haiko mbali na njia, mji wa miti ya misonobari, chakula kipo.

Lincoln yenyewe ni kichekesho, njia ya tambarare kuliko zote inaanzia kwenye mji wenye mtaa unaoitwa Steep Hill na siyo jina la utani, ni ukuta. Stesheni na njia viko chini, kanisa kuu liko juu kabisa, ukitaka kuliona iache baiskeli chini imefungwa vizuri upande kwa miguu. Mwisho wa Boston unaongozwa na mnara wa kanisa la St Botolph, wenyeji wanauita Stump, una mita zaidi ya 80, unauona dakika nyingi sana kabla hujaufikia. Soko la Boston liko Jumatano na Jumamosi, ukifika siku hizo utakula vizuri. Kurudi Lincoln kwa treni lazima ubadilishe Sleaford na nafasi za baiskeli ni chache, mkiwa kundi la watu wanne msitegemee mtaingia wote, hilo nalo linanifanya nisiipe tisa.

Ya basi nitaipitia haraka. Kutoka Cambridge mpaka St Ives kuna njia maalum ya zege ya mabasi ambayo kingo zake ndo zinayaongoza, dereva hashiki usukani, ilifunguliwa 2011 juu ya reli ya zamani, ndo ndefu kuliko zote duniani za aina yake, na pembeni yake kuna lami ya baiskeli safi, nyoofu, pana. Kwa kazi ni bora, watu wanaenda nayo ofisini kila siku, mtu anayejifunza kukaa muda mrefu kwenye siti aanzie hapa. Kwa kustarehe sasa, hapana. Basi linapita linavuma, zege, uzio, zege tena. Inaanza kupendeza ukifika mabwawa ya Fen Drayton kwenye ndege, na hapo ndo hapo inapofurika wakati wa baridi, maji yanakaa juu ya njia hata wiki, na baiskeli haina cha kufanya ila kugeuza. St Ives mwishoni ni pazuri, daraja la mawe lenye kanisa dogo katikati yake la karne ya 15 na sanamu ya Oliver Cromwell sokoni. Ningeipa tano, nimeongeza kwa ajili ya hilo daraja.

Mbali na Fens kuna mbili nazipenda kwa wanaoanza. York kuelekea Selby, namba 65, imepita kwenye reli kuu ya zamani ambayo ilihamishwa 1983 kwa sababu ya machimbo ya makaa ya mawe, na tangu 1999 wameweka mfano wa sayari zote kwa vipimo sahihi vya umbali, Jua mwanzoni York na Pluto kule Riccall, maili 6 na kidogo. Pluto hawakumwondoa, haki yake. Watoto wanapenda manake sayari za mwanzo zinafuatana chap chap, ukifika kwa Jupiter na Saturn wanaanza kuuliza bado lini. Nyingine ni Strawberry Line ya Somerset, Yatton mpaka Cheddar, maili 10 hivi, ilikuwa reli ya kusafirishia stroberi, ina handaki moja, chukua taa.

Taa zenyewe usiku ni sheria, nyeupe mbele nyekundu nyuma. Helmeti sheria haikulazimishi, vaa. Njia zilizoandikwa za watembea kwa miguu tu huruhusiwi kupita hata kama ramani inaonesha ni mkato mzuri, zile za farasi unaruhusiwa. Ramani za Ordnance Survey za 1:50,000, karatasi namba 143 ndo ya Ely, na ninavyoipenda ni kwamba imejaa mistari ya bluu kuliko ya mwinuko.

Kuhusu kukodi. Kuna duka moja, jina naliweka pembeni, walinipa baiskeli nzuri tu kwa pauni 20 kwa siku, gia zinaingia, cheni imepakwa mafuta, na mfuko wa vifaa vya pancha chini ya siti. Pancha ikanipata porini huko, miiba, nafungua mfuko, baiskeli ina valvu nyembamba ya Presta na pampu waliyoweka ni ya valvu nene tu. Yaani tyubu mpya ninayo, pampu ninayo, na haviongei lugha moja. Aliniokoa mama mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli yake ya kizee yenye kikapu mbele, akatoa kidude cha kuunganishia kwenye pochi yake akanipa nikae nacho. Nilivyorudisha nikawaambia, yule kijana akacheka akasema wateja wengi hawapati pancha. Haya. Ukikodi popote pale fungua huo mfuko mbele yao, jaribu pampu kwenye tairi ndo uondoke.

Msimu: Mei mpaka Agosti mwanzoni ndo wangu. Machi na Aprili udongo mweusi ukiwa mkavu na upepo ukija unanyanyuka wote, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Kuanzia Septemba ua za miti za mashambani zinaruhusiwa kukatwa tena, miiba inamwagwa barabarani, na baada ya hapo matrekta ya viazi sukari, ile mizizi ya kutengenezea sukari, yanatoka mashambani na tope zito la kuteleza kuliko barafu. Wakati wa baridi kabisa kuna sababu moja tu ya kwenda, mabata maji wakubwa wa Iceland wanaotua kijiji cha Welney kwa maelfu, ila barabara ya A1101 pale Welney hufurika kweli kweli, kwa hiyo angalia kama imefunguliwa kabla hujatoka, na kuizunguka ni safari nyingine ndefu kabisa, ya upepo wa mbele.